Jamhuri ya Roma: Augusto aliiua, au aliikuta maiti?

Kifaurongo: Wadau, Augusto, mtawala wa kwanza wa Dola la Roma, tunamsingizia eti aliiua jamhuri. Mwaka 133 KK maseneta walimpiga Tiberius Gracchus kwa vipande vya mabenchi hadi akafa, kisa alitaka maskini wagawiwe ardhi. Mwaka 88 KK jenerali Sulla akaingiza jeshi mjini Roma. Augusto alizika tu.

Mlinda Lango: Mzikaji gani anaondoka na urithi wote? Mwaka 27 KK alijifanya anarudisha madaraka kwa Seneti, wakamsihi, akabaki na majimbo yenye majeshi mengi. Misri ikawa kama shamba lake, seneta hakanyagi bila ruhusa. Wananchi kimya, ngano ya bure imeshawajaza matumbo.

Bi Nyakanga: Wewe uliyeshiba ndiye wa kuwacheka wenye njaa? Ngano ya bure ililetwa na mwanasiasa Clodius mwaka 58 KK, jamhuri ikiwa hai. Tena Julius Caesar, jenerali aliyeshika Roma kabla ya Augusto, aliipunguza, wapokeaji 320,000 wakabaki 150,000. Soma kwanza.

Mlinda Lango: Dada, mbona jazba? Nimesema ngano tu.

Bi Nyakanga: Dada yako yuko kwenu.

Mpenda Ubishi: Samahani kuingilia ugomvi. Eti Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, alimuua baba yake mzazi? Si mama yake, Servilia, alikuwa hawara wa Caesar?

Kifaurongo: Umri unakataa. Caesar kazaliwa 100 KK, Brutus 85 KK hivi. Baba wa miaka 15?

Mpenda Ubishi: Mtaani kwetu wapo.

Bi Nyakanga: Haya, tumetoka Seneti tumeingia chumbani kwa watu.

Mlinda Lango: Kifaurongo asikimbilie huko. Mwaka 43 KK mzikaji wake Augusto, pamoja na washirika wake Antony na Lepidus, walibandika orodha ya watu wa kuuawa. Kichwa na mkono wa Cicero, seneta na msemaji hodari, vikatundikwa kwenye jukwaa lile lile alilohutubia!

Kifaurongo: Orodha hizo mwanzilishi ni Sulla, kipenzi cha Seneti. Na Cicero wako mwaka 63 KK alinyonga raia bila kesi.

Mpenda Ubishi: Si walipanga kupindua serikali? Hapo mimi niko na Cicero.

Bi Nyakanga: Hata mhaini ana haki ya kesi. Siku ile aliyesimama Seneti kusema wafungwe wasiuawe ni Caesar.

Mlinda Lango: Caesar huyo huyo aliyevuka mto Rubicon, mpaka wa Italia, na jeshi kinyume cha sheria? Leo ndiye wakili wa haki!