Jino limeacha kuuma kabla ya kutibiwa mzizi: niende au niache?

Nyota Njema
Wakuu, naombeni ushauri. Gego langu la chini limenitesa wiki mbili. Maji ya baridi yakiligusa maumivu yanakaa dakika nzima, na usiku nikijilaza ndiyo linapwita. Daktari alipiga eksirei, akasema tundu limefika kwenye kiini, jino linahitaji kutibiwa mzizi. Tukapanga siku. Sasa tangu juzi limenyamaza kabisa, hata baridi silisikii. Naogopa sindano, na nimesikia matibabu yenyewe ni mateso. Niahirishe?

Baba Pacha
Pole sana. Usiahirishe ndugu yangu. La kwangu lilinyamaza hivyo hivyo, nikamshukuru Mungu, nikasahau. Miezi kadhaa baadaye niliamka shavu limevimba, jicho linafumba. Nikapewa antibayotiki, uvimbe ukashuka, dozi ilipoisha ukarudi. Mwisho nilitibiwa mzizi, na siku ile sikusikia hata robo ya maumivu niliyokuwa nayo nyumbani.

Tabibu wa Kinywa
Natibu meno, na hili la jino kunyamaza huwadanganya wengi. Ndani ya jino kuna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu. Kikivimba hakina pa kutanukia, kimebanwa na kuta ngumu, ndiyo maana linapwita. Kikifa, hakuna tena cha kusikia baridi. Kwa hiyo jino lililouma vile likanyamaza ghafla, mara nyingi limekufa ndani. Bakteria wao hawajafa. Wanashuka hadi ncha ya mzizi, wanaingia mfupani, jipu linaanza. Antibayotiki husafiri na damu, na kiini kilichokufa hakina damu. Haifiki.

Siku yenyewe utapigwa ganzi, jino litazungushiwa kipande cha mpira mate yasiingie, kisha litatobolewa juu. Mifereji ya mizizi inasafishwa kwa visindano vyembamba na dawa ya maji, inakaushwa, inajazwa guta-percha, utomvu wa mti uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja. Gego la chini mara nyingi lina mitatu, pengine minne, hivyo usishangae ukiitwa mara ya pili.

Mkweli
Mimi nasema ling'oe, yaishe. Nilitibiwa mzizi, gego likapasuka kabla ya mwaka.

Tabibu wa Kinywa
Pole Mkweli. Jino lilivishwa kofia, lile gamba gumu la kulifunika juu?

Mkweli
Hapana. Lilizibwa tu, na maumivu yalikuwa yameisha, sikurudi.

Tabibu wa Kinywa
Hapo ndipo lilipoharibikia. Gego lililooza kisha likatobolewa limebaki na kuta nyembamba, na ndilo linalotafuna. Kofia hulishika lisipasuke. Kile kizibo cha muda nacho kikiachwa kikavuja, bakteria wanarudi mle mle. Kung'oa si kosa, hasa jino likiwa limevunjika mno au fizi na mfupa vimeshindwa kulishika. Ila pengo likiachwa, majirani huegemea na jino la juu hushuka.

Nyota Njema
Asante daktari. Na ganzi isiposhika?

Tabibu wa Kinywa
Swali zuri. Gego la chini lenye kiini kilichovimba huwa sugu kwa ganzi kweli, si woga wako. Mwambie daktari mapema, mkubaliane ukiinua mkono anasimama, anaongeza ganzi. Baadaye jino litauma ukiling'atia siku chache, dawa za kawaida za maumivu hutosha. Lakini ukivimba shingoni, ukashindwa kumeza au kufungua kinywa, au ukapata homa, usingoje siku uliyopangiwa. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Baba Pacha
Na kula kabla ya kwenda, mkuu. Ganzi hukaa saa kadhaa, usije ukajing'ata shavu.

Nyota Njema
Nimewaelewa. Siku yangu ni keshokutwa, naenda. Na nitauliza habari ya kofia kabla sijakaa kwenye kiti.