Wazalishaji wa kizazi kipya wa mvinyo wa Ufaransa: nani wa kuwekwa kwenye orodha ya mgahawa hapa Tanga?

Raskazone ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninasimamia mgahawa mdogo ulio kando ya bahari hapa Tanga, ambako wageni hula zaidi nguru wa kuchoma, kamba na pweza wa nazi, na mwenye mgahawa amenikabidhi kazi ya kuandika upya orodha ya mvinyo kabla msimu wa wageni haujaanza. Kwa upande wa Ufaransa, orodha ya sasa ina Bordeaux peke yake, nyekundu nzito na za gharama, ambazo mgeni aliyeagiza samaki huziangalia kisha akaomba bia. Ningependa kuwafahamu wazalishaji wanaochipukia, wenye kazi ya kiwango cha juu, lakini ambao bei zao hazijapaa kiasi cha kutushinda. Naomba majina, na zaidi ya majina naomba sababu, kwa kuwa mhudumu asiyejua anachokiuza hawezi kumshawishi mgeni.

Mhudumu wa Bagamoyo amejibu:

Ndugu Raskazone, kwa chakula hicho ningeanzia Saumur, katika bonde la mto Loire, na hasa kwenye kilima cha Brézé. Mwamba wa eneo hilo ni chokaa laini, ileile iliyochongwa kujengea makasri ya Loire, na mahandaki yaliyoachwa na wachongaji ndiyo maghala ya mvinyo mpaka leo. Zabibu yake nyeupe ni Chenin, ambayo hata ikiiva vizuri hubaki na uchachu ulionyooka, na uchachu huo ndio unaokata mafuta ya tui la nazi badala ya kushindana nayo.

Jina kubwa la Saumur lilikuwa Clos Rougeard, shamba la ndugu wawili wa ukoo wa Foucault, ambalo mwaka 2017 lilinunuliwa na familia ya Bouygues, na bei zake leo si za mgahawa wa kawaida. Kwa hiyo watazame waliojifunza karibu na ndugu hao. Romain Guiberteau alirudi kwenye mashamba ya familia yake mwaka 1996 na kupata mwongozo wa Nady Foucault; Chenin yake ni kavu kabisa, yaani haina utamu, na inahitaji miaka kadhaa kabla haijafunguka. Arnaud Lambert analima kilima hichohicho, na chupa zake za ngazi ya kwanza ndizo ninazowapendekezea watu mara nyingi zaidi, kwa sababu zinanyweka mapema na bei yake bado ina huruma. Tena Chenin inalimwa Dodoma pia, nawe unaweza kuiweka ya nyumbani kando ya ile ya Saumur katika ukurasa mmoja, mgeni aonje zote mbili. Mimi ningejivunia orodha ya namna hiyo.

Kwa nyekundu, sahau Bordeaux, nenda Beaujolais, ambako zabibu yao ni Gamay. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philippe le Hardi, aliamuru mizabibu yake ing'olewe katika himaya yake, na zabibu hiyo imeishi na dharau kwa karne nyingi, jambo ambalo kwa mnunuzi ni bahati. Beaujolais ina maeneo kumi ambayo mvinyo wake huuzwa kwa jina la eneo lenyewe, na mojawapo ni Morgon. Huko mtafute Mee Godard, aliyezaliwa Korea, akalelewa Lyon, akasomea fani hii Marekani na Montpellier, kisha akatengeneza mvinyo wake wa kwanza kutokana na mavuno ya mwaka 2013. Yeye huujaza mvinyo wa kila mteremko katika chupa zake peke yake, Corcelette mbali, Grand Cras mbali, Côte du Py mbali, na tofauti kati yao mtu huisikia mdomoni bila kuambiwa.

Mpenda Savagnin amejibu:

Nakubaliana na mengi, ila kwa pweza wa nazi aliyetiwa bizari mimi nasimama na Jura, karibu na mpaka wa Uswisi. Kwa mtindo wao wa kale, pipa la Savagnin, zabibu nyeupe ya huko, haliongezewi mvinyo kadiri linavyopungua. Juu yake hujengeka utando wa hamira unaoupa ladha ya jozi na viungo. Ule wa daraja la juu, vin jaune, hauruhusiwi kuuzwa kabla ya miaka sita na miezi mitatu, nao huingia katika chupa fupi pana ya sentilita 62. Familia ya Labet ya Rotalier, ndugu watatu Julien, Charline na Romain, hutengeneza mitindo yote miwili, wa utando na wa pipa lililojazwa daima. Usichelewe, maana Jura ni eneo dogo: Kenjiro Kagami, Mjapani aliyeanzisha Domaine des Miroirs mwaka 2011, leo chupa zake hutafutwa dunia nzima kwa bei ambayo sitathubutu kuipendekeza hapa.

Kwa Champagne, angalia herufi ndogo zilizo kwenye lebo. RM ni mkulima anayetengeneza kwa zabibu zake mwenyewe, NM ni nyumba inayonunua zabibu. Burgundy nayo ina bei ngumu, lakini Chanterêves wa Savigny-lès-Beaune, walioanza mwaka 2010, wana Aligoté, mvinyo mweupe, inayoendana vizuri sana na kamba.

Ghala Baridi amejibu:

Majina yote hayo yatapotea bure kama chupa zitasafiri kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam saa saba mchana. Wengi wa wazalishaji hawa hutumia salfa, ile inayouhifadhi mvinyo, kidogo tu, na mvinyo wa namna hiyo huharibika upesi zaidi kwa joto. Kabla ya kulipa, muulize mwagizaji kama kontena lilikuwa la baridi na chupa zilikaa wapi baada ya kutoka bandarini. Kisha mwenyewe pitisha kidole juu ya chupa: kizibo kilichochomoza, au unyevu wa kunata chini ya kifuniko, ni dalili kwamba mvinyo ulitanuka kwa joto, nawe uirudishe. Ukishaipokea, ilaze kwenye nyuzi 12 hadi 14, na uwe na mpango wa siku umeme utakapokatika.

Raskazone amejibu:

Nawashukuru sana. Nitaanza na Lambert pamoja na Chenin ya Dodoma, Morgon ya Bi Godard, na chupa chache za Labet kwa wageni wanaouliza. Swali moja limebaki: hiyo Morgon niiweke mezani kwa joto la chumba, kama tunavyofanya na Bordeaux?

Mhudumu wa Bagamoyo amejibu:

Hapana, ndugu yangu. Joto la chumba linalosemwa vitabuni si la chumba cha Tanga. Itoe kwenye jokofu la mvinyo robo saa kabla ya kuimimina, iwe kama nyuzi 14, na ukiona mgeni anakula polepole, iache chupa ndani ya ndoo yenye maji na barafu kidogo tu. Kwa nguru wa kuchoma, itatosha.