Madereva tukianzisha ushirika wetu wa magari ya mtandao, sheria inasemaje?

dereva_ubungo
Habari za muda huu wakuu. Mimi naendesha gari ya mtandao hapa Dar huu mwaka wa tatu, IST yenyewe si yangu ni ya tajiri, hesabu elfu 25 kila siku kasoro Jumapili. Juzi usiku nimepaki nasubiri rikwesti nikaanza kupiga hesabu kwenye simu, elfu 25 mara siku sita mara wiki 52 mara miaka mitatu, ikaja milioni 23 na laki nne. Nikairudia nikidhani nimekosea. Nusu ya hiyo hela si ningekuwa na gari yangu? Halafu mwezi uliopita apu ikanifungia siku nne kisa abiria kasema nimekatisha safari, sikuulizwa chochote, naandika meseji najibiwa na mashine, na tajiri hesabu yake anaitaka kama kawa.

Sasa pale kijiweni tupo 22, tumeanza kuongea tujiunge tuwe na magari yetu na ikiwezekana apu yetu wenyewe. Je sheria inaruhusu? Na kuna sehemu madereva wamefanya hivi ikasimama? Naombeni wenye uelewa.

Mzee wa Tabata
Kijana hilo wazo zuri ila usitegemee serikali ikupangie asilimia ndo uishi. 2022 si unakumbuka, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wakashusha komisheni wanayokata wenye apu mpaka asilimia 15, sisi tukashangilia, Aprili ileile Uber wakasimamisha huduma zao za kawaida hapa nchini. Baadaye ikapandishwa mpaka 25 na ada ya oda asilimia 3 juu yake, Januari 2023 wakarudi. Piga hesabu safari ya 12,000 kwa viwango hivyo, 3,000 komisheni, 360 ada, unabaki na 8,640 na mafuta hujatoa bado, na hesabu ya tajiri inakusubiri. Mimi ile miezi nilirudi kupatana na vichwa barabarani kama zamani, ndo nikajua mwenye apu akizima simu zetu wote tunalala njaa.

Bi Ushirika
Mdogo wangu sheria inaruhusu kabisa, ni Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013. Wengi wanakimbilia kusajili kampuni kwa sababu ni haraka, sasa kwenye kampuni mwenye hisa nyingi ndo mwenye sauti, baada ya mwaka mnajikuta na tajiri mwingine. Kwenye ushirika mwanachama mmoja kura moja hata kama yeye kaweka laki na wewe milioni. Muoneni afisa ushirika wa manispaa yenu, atawaelekeza mkutano wa waanzilishi, andiko la mradi na masharti ya chama, ndo maombi yanapanda kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Kama nia ni kuweka na kukopa tu basi hiyo ni SACCOS na ina taratibu zake za leseni, msichanganye. Leseni za LATRA za magari zipo palepale, ushirika hauziondoi, na mkija kufungua apu nayo itataka leseni yake.

Ila nawaomba sana muandike vizuri kipengele cha nani mwanachama. Msiandike "wadau wa usafiri". Andikeni dereva anayeendesha.

Rongai_254
Huyo dada amesema ukweli, skizeni sisi Wakenya hiyo njia tumepita. Tangu 2010 matatu lazima iwe chini ya sacco ama kampuni, na ukiingia hizo sacco nyingi members ni wenye gari, dere na makanga wanaokotwa asubuhi wanalipwa jioni, kura hawana. Jina ni la ushirika lakini mfanyakazi bado yuko nje ya mlango. Na kwa apu, kanuni za NTSA, mamlaka yetu ya usafiri Kenya, za 2022 zilisema kampuni isikate zaidi ya 18%, sawa, lakini nauli yenyewe wanaiteremsha vile wanataka, sasa 82% ya kitu kidogo ni kidogo tu. Ndio maana 2024 madere Nairobi walichapisha bei zao wenyewe wakabandika ndani ya gari, abiria akiingia anaonyeshwa karatasi. Wengine walikubali wengine walishuka.

mama_Bronx
Niko New York. Huku kuna The Drivers Cooperative, ilianza 2021, madereva wenyewe ndo wenye mali, na walipoanza walikuwa wanakata 15% tu. Lakini jueni kitu kimoja, kabla yao jiji lilishaweka kima cha chini cha malipo ya dereva wa apu, kwa hiyo wakubwa hawakuweza kuwanyonga kwa kushusha malipo ya madereva mpaka chini kabisa. Na hata hivyo kupambana kwenye apu ni pesa nyingi mno, abiria anafungua ile aliyoizoea, ndo wakaweka nguvu kwenye mikataba ya kubeba wagonjwa na walemavu kwenda hospitali. Nyie anzeni na shule moja au zahanati moja inayojua itawaita kila siku, apu itakuja baadaye.

dereva_ubungo
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimewasomea wenzangu kijiweni majibu yote. Kwa hiyo apu tumeiweka pembeni kwanza, tunataka kuanza na gari moja ya pamoja, atakayeiendesha analeta hesabu ileile elfu 25 lakini inaingia kwenye chama mpaka ipatikane ya pili. Ubishi umebaki kwenye kipengele cha uanachama, wenzetu wawili wana magari yao na kila mmoja ana dereva wake, wanataka waingie wao. Bi Ushirika, hao tunawaandikaje?

Bi Ushirika
Wakiingia barabarani wenyewe waandikeni. Kama gari inaendeshwa na mwingine, basi huyo mwingine ndo aje mkutanoni.