Msaada: nataka kulinda kioo cha simu ya kazi, nina elfu 20 tu

MamaWaMwaloni

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa anayejua mambo ya simu, hasa mafundi.

Nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Wateja wangu wengi wako mbali, kuna wa Mbeya, Tunduma na wachache wanaovusha kwenda Kongo. Oda zinakuja WhatsApp, mzigo naupiga picha kabla gunia halijashonwa, na hela inaingia kwenye simu hiyohiyo. Simu ni Samsung A15 niliyochukua kwa mkopo. Bado nalipa kila siku, nikichelewesha inajifunga. Kioo kikipasuka leo, deni linabaki palepale na kazi inasimama.

Iliyotangulia ilichomoka kifuani nikiwa nimeinama kumimina dagaa, ikatua kwa kona kwenye zege. Protekta ilibaki nzima kabisa, haina hata ufa. Chini yake kona ikaanza kuvuja weusi kama wino, asubuhi yake kioo chote kilikuwa giza. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa: kama protekta ilikuwepo na haikuvunjika, ilisaidia nini?

Mazingira yangu ni mchanga, maji na mikono yenye mafuta ya samaki kutwa nzima. Dukani nimeonyeshwa protekta ya elfu 5, nyingine ya elfu 10 wanasema ni "21D", na ya elfu 25 imeandikwa 9H, muuzaji anasema haipasuki. Mimi nina elfu 20 kwa kila kitu. Nianze na nini?

Kijana_wa_Nyakato

Pole sana dada. Kwa maoni yangu achana na protekta, weka kava nzuri tu. Vioo vya siku hizi ni vigumu, mimi natembea hivyohivyo na sina shida. Protekta zinaharibu mwonekano na tachi inakuwa nzito.

FundiVioo_Kkoo

Dada, jibu liko kwenye maelezo yako mwenyewe: simu ilitua kwa kona.

Nipo Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kazi yangu ya kila siku ni vioo. Simu inayoletwa imepasuka, nikiifuatilia ile nyufa mpaka ilipoanzia, mara nyingi nafika kona au ukingoni. Uso wa kioo cha simu umekazwa kiwandani. Wanakitumbukiza kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka, joto la nyuzi kama 400, potasiamu inaingia na kuchukua nafasi ya sodiamu. Kwa kuwa chembe zake ni kubwa zaidi, zinabanana pale juu na uso unakuwa mgumu kupasuka. Ndiyo maana simu ikianguka bapa kwenye sakafu mara nyingi inapona. Ikitua kwa kona, uzito wote unapita kwenye sehemu ndogo sana, na fremu ikijikunja kidogo tu kioo kinabanwa kwa pembeni, mahali ambapo ni dhaifu.

Sasa protekta inalala juu ya uso. Haizunguki kona, nyingi zinaishia kabla hata ya kufika ukingoni. Kwa hiyo anguko lako lilipita pembeni yake. Haikuwa mbovu, ila haikuwa kazi yake.

Elfu 20 yako ianze na kava. Sitaki ununue ile ya plastiki ngumu inayong'aa. Plastiki ngumu inapitisha mshindo moja kwa moja kwenye fremu. Chukua ya TPU, ile ya mpira unaopinda, yenye kona nene zilizotuna. Ukibonyeza kona kwa kidole gumba unasikia inaingia kidogo na kurudi. Halafu angalia mdomo wake wa mbele, lazima uwe juu kuliko kioo. Namna ya kupima bila utaalamu wowote: vika simu kava ikiwa na protekta tayari, laza rula iliyonyooka juu ya mdomo wa kava toka ukingo mmoja hadi mwingine, kisha pitisha karatasi ya daftari kati ya rula na kioo. Ikiteleza bila kukwama toka upande mmoja hadi mwingine, kava hiyo inafaa. Ikikwama katikati, kioo ndicho kinachogusa rula, irudishe. Fanya hivyo palepale dukani kabla ya kulipa, hakuna muuzaji mwenye kava nzuri atakayekukatalia.

Kwa A15 kava kama hizo zipo nyingi na bei iko kati ya elfu 7 na 10. Mwanza inaweza kuzidi kidogo.

Mwl_wa_Fizikia

Fundi ameeleza vizuri. Niongeze upande wa mchanga, kwa sababu hapo sikubaliani na Kijana_wa_Nyakato.

Ugumu wa kukwaruzwa unapimwa kwa kipimo cha Mohs, kinaanzia 1 hadi 10. Kioo kiko kati ya 5.5 na 6.5 hivi. Mchanga mwingi ni kwarizi, nayo iko 7. Maana yake punje moja ya mchanga wa Ziwa Victoria inaweza kukwaruza kioo cha simu yoyote, iwe ya laki 3 au ya milioni 3. Funguo na sarafu hazina nguvu hiyo, mchanga unayo. Na mkwaruzo si suala la urembo tu. Kioo kinapasuka kwa kuanzia kwenye dosari, na kila mkwaruzo wenye kina ni dosari mpya inayosubiri anguko. Mtu anayefanya kazi ofisini anaweza kuishi bila protekta. Mtu anayeanika na kufungasha dagaa hawezi, na asishauriwe hivyo.

Kuhusu 9H: hicho ni kipimo cha penseli. Wanachukua penseli za ugumu tofauti, wanazisugua juu ya kitu, na 9H ndiyo penseli ngumu ya mwisho. Haina uhusiano na 9 ya Mohs, ambayo ni ya mawe kama yakuti. Kwa hiyo "9H" inakuambia kwamba penseli haitachora protekta yako. Mchanga bado utaichora. Hizo 9D, 11D na 21D hazina kipimo chochote cha pamoja nyuma yake, kila kiwanda kinaandika namba inayokipendeza. Usilipe hata shilingi ya ziada kwa ajili ya D.

FundiVioo_Kkoo

Mwalimu umemaliza. Dada, ile ya elfu 5 inatosha, ilimradi iwe ya kioo na gundi yake iwe imejaa uso mzima. Kuna zenye gundi pembeni tu, katikati kuna hewa. Hizo ndizo zinazofanya tachi iwe nzito, pengine ndizo alizokutana nazo Kijana. Zikiingia unyevu, vumbi linajipanga kama mstari na haliondoki. Kwa kazi yako ya maji utaichukia ndani ya wiki.

Na usikubali kuuziwa ya hidrojeli ukiambiwa ni sawa na kioo. Ile ni plastiki laini, inazuia mikwaruzo vizuri tu, lakini kitu kizito kikigonga kwa juu inapitisha mshindo wote. Ya kioo inavunjika yenyewe na kumeza sehemu ya mshindo.

Kijana_wa_Nyakato

Nimekuelewa mwalimu, la mchanga sikulifikiria. Ni kweli yangu ilikuwa ya gundi ya pembeni, fundi.

BintiPangani

Dada yangu, wote wamezungumzia simu ikishaanguka. Mimi nauza samaki wa kukaanga, naomba tuzungumzie isianguke.

Kifuani hapafai kabisa kwa kazi ya kuinama. Pindo la khanga nalo halifai, fundo linalegea taratibu bila wewe kujua. Peleka aproni yako kwa fundi cherehani akushonee mfuko wa mbele, juu kidogo ya kiuno, wenye kina cha simu nzima na vidole vinne zaidi, na mdomo wake uwe na zipu au kishikizo. Ukiinama, simu inabaki imelala tumboni. Kitambaa kiwe kizito, jinzi kuukuu inafaa. Na mfuko huo uwe wa simu peke yake, hela na funguo zikae upande mwingine, maana noti za sokoni zinatoka na mchanga.

Jambo la pili ni kamba. Zipo kamba za shingoni zenye kipande chembamba kinacholala kati ya simu na kava, kinatoa tundu dogo pale pa chaji. Unapiga picha ya mzigo mikono imelowa, simu ikiteleza inaning'inia. Mimi nilinunua elfu 3 na ndiyo kitu kilichonipa amani kuliko vyote. Ila hakikisha kava inabana sawasawa, kwa sababu uzito wote unashikiliwa na kava. Na ukiwa karibu na mashine au kwenye boti ifupishe, isije ikanasa.

MamaWaMwaloni

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeandika kila kitu. Kwa hesabu hii kava elfu 10, protekta 5, kamba 3, inabaki elfu 2 ya cherehani.

Fundi nina maswali mawili. La kwanza, kubandika. Hapa mwaloni vijana wanabandika mezani nje, upepo wa ziwa unapuliza na kila mara ninapata viputo vyenye vumbi. La pili, nikishabandika nasikia kidole kinakuwa hakisomi vizuri, hasa mikono ikiwa imekauka na chumvi.

FundiVioo_Kkoo

Usibandikiwe nje. Nunua iliyo kwenye boksi lake uende nayo nyumbani, kava ukainunue ikishabandikwa ili ule mtihani wa karatasi uwe sahihi. Subiri mtu amalize kuoga maji ya moto, ingia bafuni mvuke ukiwa umetulia. Mvuke unashusha vumbi la hewani chini. Osha mikono yako mpaka kwenye viwiko, funga kitambaa kichwani, usivae sweta.

Ndani ya boksi kuna vitambaa viwili na stika. Kitambaa chenye spiriti kwanza, kuondoa mafuta ya samaki, pitisha mara mbili ukisisitiza kwenye ukingo. Kisha kikavu. Kisha stika: igandishe na kuibandua sehemu kwa sehemu, huku umeinamisha simu kuelekea taa ili uone punje. Pangilia protekta kwa kufuata tundu la kamera ya mbele na spika ya sikio, ishushe upande mmoja, halafu iachie. Usiisukume. Utaona gundi inatembea yenyewe. Ukiona kiputo chenye doa katikati, hiyo ni punje. Bandika selotepu juu ya kona ya karibu, inua protekta polepole kwa hiyo selotepu, na kwa kipande kingine cha selotepu gusa ile punje iondoke nayo. Rudisha. Kiputo kisicho na doa kiache, mara nyingi kinaisha chenyewe kwa siku moja au mbili.

La tachi: Samsung wameweka kitu kwenye Mipangilio, sehemu ya Onyesho, kinachoongeza wepesi wa mguso kwa ajili ya wanaotumia protekta. Kiwashe. Pia futa mikono, chumvi na maji vinachanganya tachi hata bila protekta.

Mzee_wa_Tabora

Naomba kuingilia. Simu yangu kioo kimepinda pembeni. Nimeambiwa protekta yake ni ya gundi ya maji inayokaushwa kwa taa. Ni salama?

FundiVioo_Kkoo

Mzee shikamoo. Inashika vizuri kuliko nyingine kwenye vioo vilivyopinda, ila ile gundi ni ya kimiminika na ikizidi inaingia kwenye spika na vitufe, ikigandia humo imegandia. Afanye fundi mwenye uzoefu, azibe matundu kwanza, na aweke gundi kidogo. Kama fundi humjui, bora hidrojeli na kava yenye mdomo mrefu.

Mzee_wa_Tabora

Marahaba, nimeelewa.

MhasibuMdogo

Mama, kwa kuwa simu ndiyo duka lako, fanya na hili usiku huu, halina gharama zaidi ya bando. Hakikisha namba za wateja zinahifadhiwa kwenye akaunti yako ya Google na si kwenye simu pekee, na WhatsApp iwe inajihifadhi huko kila siku. Daftari la madeni lipige picha jioni, umtumie mtu unayemwamini nyumbani.

Na kama siku moja tachi ikifa lakini picha bado inaonekana, usikimbilie kufuta kila kitu. Simu nyingi za Android zinakubali mausi ya kompyuta kwa kutumia kiunganishi kidogo cha OTG, kile kinachochomekwa pale pa chaji. Unapata mshale kwenye kioo, unafungua na kutoa vitu vyako. Kioo kikiwa giza kabisa njia hii haisaidii, ndiyo maana nasema uhifadhi mapema.

MamaWaMwaloni

Hili la Google nalifanya sasa hivi, mwanangu ananisaidia. Swali la mwisho fundi, protekta ikipata ufa mdogo kwenye kona naweza kuendelea nayo? Wengi hapa wanakaa nazo miezi.

FundiVioo_Kkoo

Badilisha. Ufa unaingiza mchanga na maji chini yake, na huo mchanga ukibanwa kati ya protekta na kioo unasaga kila unapobonyeza. Kuna na vidole vyako pia, unashika samaki na chumvi halafu unajikata.

Kuitoa: ipashe joto kidogo kwa kikausha nywele, au iache ilale juu ya kitambaa kilichokunjwa karibu na chupa ya maji ya moto kwa dakika chache, gundi ilegee. Anza kwenye kona iliyo nzima, sio yenye ufa. Ingiza ukucha au kadi ya plastiki ikiwa bapa, usitumie kisu wala wembe, na uisukume taratibu kuelekea katikati. Ikishainuka nusu, itakuja yote.

Na kava iangalie pia. TPU ikikaa juani inageuka njano na kutanuka. Siku utakapoona kona inachomoka kwa urahisi unapoivuta kwa kidole, rudia ule mtihani wa karatasi, na ile kamba usiitegemee tena mpaka upate kava mpya.