Matembezi ya Julai: Newala, Rondo, Tendaguru au Masasi? Tuchague mlima

Kocha wa Mikindani

Wadau, salaam. Mwaka huu kikundi chetu cha mazoezi kinaungana na wenzetu wa Lindi, Masasi na Nachingwea kwa matembezi ya pamoja, wikiendi ya jirani na Sabasaba, kabla watu hawajazama kwenye korosho. Bahari tumeizoea, wengi wanataka kupanda. Yametajwa majina manne: Newala pale Shimo la Mungu, Rondo, Tendaguru, na majabali ya Masasi. Kilimanjaro msinitajie. Mita 5,895, ada za hifadhi kila siku, wapagazi na waongozaji. Mchango wetu wa elfu hamsini kwa kichwa utaishia Kibiti.

Mjue tuko mchanganyiko. Wapo vijana wa kukimbia, wapo akina mama na watoto, na wapo wazee ambao magoti hayataki mwinuko. Usafiri ni Coaster mbili. Leteni hoja, ila mtu aseme na barabara, asisifie mandhari tu.

BintiNewala

Newala, wala msijiumize kichwa. Pale Shimo la Mungu ardhi inakatika mbele ya miguu yako, bonde lote la Ruvuma liko chini, na ng'ambo kule ni Msumbiji. Halafu uzuri wake ni kwamba gari limeshakupandisha. Mzee wa magoti anaona kilekile anachokiona kijana. Vijana wanaotaka jasho washuke bondeni kisha wapande tena, wataomba poo wenyewe. Bebeni masweta tu, baridi ya Julai kule si ya Mtwara mjini.

Dereva wa Kusini

Dada, mandhari hatubishi. Tuongee barabara. Lami kutoka Mtwara mpaka Mnivata ni kilomita 50, hapo unatembea raha. Mbele yake ni habari ya ujenzi, michepuko na vumbi, na Coaster iliyojaa haipendi vumbi la kichanga kwenye mwinuko. Mkisema tuzunguke kwa lami, basi ni Mingoyo, Mtama, Ndanda, Masasi, ndipo uanze kuitafuta Newala. Watu wa Lindi na Mtwara watafika wamechoka kabla ya kupanda chochote.

Kwa wenye gari dogo la familia na siku tatu za nafasi, Newala ni namba moja. Kwa msafara, hapana.

Ticha wa Nachingwea

Naona watu wanaipita Tendaguru kama kituo cha daladala. Jamani, ile ni sehemu ambayo mifupa yake ya dinosaria imejaza ukumbi wa makumbusho Berlin! Mwaka 1906 mhandisi wa madini, Mjerumani aitwaye Sattler, aliiona mifupa imetokeza juu ya ardhi. Kuanzia 1909 hadi 1913 wakachimba kwelikweli, chini ya wanasayansi wa Kijerumani, Janensch na Hennig. Ila waliochimba kwa mikono yao ni watu wa huku, mamia kwa mamia, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Mzigo ukafungwa, ukabebwa kichwani na mabegani siku kadhaa porini mpaka bandari ya Lindi. Yule mkubwa kabisa alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na leo ana zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani.

Waingereza nao wakaja 1924, Louis Leakey, yule mtafiti maarufu wa mabaki ya kale, akiwa kijana mdogo kwenye msafara huo. Kiongozi wao, Cutler, aliugua malaria akafia Lindi mwaka 1925. Hii yote ni historia yetu, na watoto wetu wanaisoma kwa juujuu tu. Kama tunataka safari yenye maana, ni pale.

Mama Mtama

Ticha, shikamoo. Nimekuelewa mpaka nimesisimka. Swali langu moja: tukishafika na watoto, tunawaonesha nini?

Ticha wa Nachingwea

Marahaba mama. Niseme ukweli, ni kilima cha kawaida chenye nyasi na miti, na mashimo ya kuchimbia mengi yameshafukiwa na miaka. Lazima upate mwenyeji wa kukusimulia papo hapo, vinginevyo unaweza kupita bila kujua umepita.

Mama Mtama

Basi mimi ndiye nitakayekaa na hao watoto kwenye Coaster. Mtoto atauliza dinosaria yuko wapi, nimwambie yuko Ujerumani? Watalia mpaka Mingoyo.

Dereva wa Kusini

Na Coaster yenyewe haifiki, mama. Ni kilomita sitini na kitu kaskazini magharibi ya Lindi ukipima kwenye ramani, ila njia ni ya mchanga na vichaka, inataka gari la kuvuta magurudumu manne. Ticha, hiyo safari ipange ya watu wachache wanaopenda historia, mimi nitakuja na Land Cruiser ya shemeji.

Mtu wa Misitu

Niiongelee Rondo, maana naona imetajwa halafu imeachwa. Ule ni msitu wa kweli juu ya nyanda, ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kuna utaratibu wa kibali na kiingilio. Mjiandae kabla, si mnafika getini ndipo mnaanza kupiga simu.

Kinachoifanya Rondo iwe Rondo ni yule komba mdogo, mnyama wa gramu kama 60 hivi. Unaweza kumfumbata kiganjani akapotea. Wataalamu walimtambulisha rasmi kwa jina la Rondo mwaka 1996, na anaishi kwenye vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania. Yuko hatarini kutoweka kwa sababu misitu yenyewe inakwisha, kwa mbao, mkaa na mashamba. Sasa huyo anatoka usiku. Ninyi mnakuja Coaster mbili, mchana, na nawafahamu, lazima awepo mtu na spika. Mtaona miti, mtakula, mtaondoka. Mimi kwa nafasi yangu naomba msije wote kwa mpigo. Njooni watu wanane, mlale, mtembee kimya na tochi.

Kocha wa Mikindani

Mtu wa Misitu umenichekesha kwenye spika, ila ni kweli, ipo, na mwenye nayo yumo humu anasoma. Tumebaki na Masasi. Au kuna lingine?

Kijana wa Ndanda

Lipo, ila hamkuliandika. Ndanda!

Nisikilizeni. Ndanda iko chini kabisa ya ukingo wa nyanda ileile ya Makonde anayoisifia BintiNewala. Tofauti ni kwamba kule mnasimama juu mnatazama chini, huku mnaanzia chini mnapanda. Lami inapita hapohapo. Wa Lindi na Mtwara mnakutana Mingoyo mnakuja pamoja, wa Masasi ni kilomita kama 40 tu, na wa Nachingwea wanaungana nao. Hakuna atakayesema ameonewa.

La pili ni maji. Juu ya nyanda ile ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, ndiyo maana zamani wenyeji wa huko juu walikuwa wanashuka mbali kuchota. Ile mvua iliyozama inatokea huku chini kwenye chemchemi za ukingoni. Ukipanda asubuhi unaanza na mashamba, kisha kivuli cha miti kwenye mabonde madogo yenye unyevu, na jua linakukuta ukiwa karibu kufika. Kundi la watu wa umri tofauti linahitaji kivuli na maji kuliko linavyohitaji picha.

La tatu, wasiopanda hawakai kwenye gari. Kuna abasia ya Wabenediktini, misheni iliyoanza 1906, majengo yake yanatosha kutembelewa nusu siku. Na hospitali iko hapohapo. Nawaombea asiteguke mtu, lakini kule Tendaguru ukiteguka utabebwa kama ile mifupa.

BintiNewala

Kijana, juu ya ukingo wa Ndanda huoni Ruvuma. Unaona bonde la Lukuledi na barabara ya lami. Semeni tu mmechagua urahisi.

Kijana wa Ndanda

Tumechagua urahisi. Watu wengi hivyo, dada yangu, urahisi ndio safari yenyewe.

Mzee wa Mtandi

Wanangu, hamjambo. Msiipite Masasi kwa kuwa iko mbele kidogo. Mkilala Ndanda Jumamosi, Jumapili asubuhi njooni mpande jabali moja kabla jiwe halijashika moto. Ikifika saa nne lile jiwe linachoma hata ukikaa na suruali nene. Na vaeni viatu vyenye meno. Kuna vijana huja na kandambili halafu wanashuka kwa makalio. Walioamka kusali wataikuta Mtandi, palipo na kanisa kuu la Anglikana. Misheni ya Masasi ilianzishwa 1876, Askofu Steere alipokuja na watu waliokombolewa kutoka utumwani, akawakalisha hapa. Ticha, historia hiyo ipo na unaiona kwa macho.

Ticha wa Nachingwea

Shikamoo mzee. Hapo umenikamata. Nakubali, ila Tendaguru naihamishia Agosti, tukitoka Nane Nane pale Ngongo. Wanaotaka waniandikie.

Mtu wa Misitu

Niweke, nafasi moja.

Mama Mtama

Mimi na watoto wangu tuko Ndanda. Nitapita Mtama kununua ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, msiniachie kazi ya wali peke yangu. Sufuria kubwa ninayo, mafiga mtafute.

Kocha wa Mikindani

Basi tunaenda Ndanda Jumamosi, Masasi Jumapili. Nitawasiliana na wa abasia kuhusu malazi kwanza, nafasi zisipotosha baadhi yetu watalala Masasi. Nusu ya mchango ifike kwa mhazini kabla ya tarehe 20 Juni, Coaster haziwekwi kwa maneno. Mingoyo saa moja kamili asubuhi, na tukisema saa moja ni saa moja. BintiNewala, wewe utaongoza kundi la wapandaji, kwa hiyo jibu kama unakuja.

BintiNewala

Nakuja. Spika ibaki Mtwara.