Naomba ushauri: kazi za hesabu zimenibana, mabega magumu, usingizi wakatika saa tisa usiku

Mhasibu_MLD:
Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Niko Malindi, nashika hesabu za hoteli peke yangu. Tarehe 1 hadi 20 za kila mwezi sina raha: PAYE (kodi ya mishahara) mwisho tarehe 9, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) mwisho tarehe 20, na meseji za WhatsApp hadi saa nne usiku. Mabega na taya zimekaza, moyo wadunda simu ikilia, na saa tisa usiku niko macho. Kahawa vikombe vitano kwa siku, viwili vya mwisho barazani baada ya Isha. Kuacha kazi sitaki. Nianzie wapi? Naomba mambo ya kutenda. "Tulia" nimeambiwa sana.

Wa_Mkomani:
Wa alaykum salaam ndugu yangu. Ubongo ukihisi hatari, tezi za adrenali zilizo juu ya figo humwaga homoni za msongo: adrenalini, kisha kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, sukari hupanda damuni. Kwa dakika chache hilo lina manufaa. Kwako simu hulia tena kabla mwili haujashuka, basi wakaa juu kutwa. Kulala Jumapili nzima hakutatui hilo. Wahitaji kushuka mara kadhaa kila siku.

Anza na kahawa. Baada ya saa tano hivi, nusu ya kafeini ingali mwilini. Kikombe cha saa mbili usiku, ikifika saa saba nusu yake bado yafanya kazi. Vile vikombe vya barazani ni vidogo, lakini kahawa chungu huchemka muda mrefu na ni nzito, udogo usikuhadae. Mwisho wako uwe saa nane mchana. Usikate zote kwa mkupuo, kichwa kitauma na utazirudia. Toa kikombe kimoja kila siku tatu, ukianza na vya usiku. Barazani endelea kwenda tafadhali, mazungumzo yale yana faida kubwa. Kunywa maji ya tangawizi tu. Na kama kuna muguka (majani ya kutafuna, jamii ya miraa) wa kumalizia hesabu, huo ni mbaya kuliko kahawa: kichangamshi chake, kathinoni, hupandisha mapigo na presha, hufukuza usingizi, na ikiisha huacha moyo mzito.

Nesi_Shela:
Niongeze pumzi, maana wengi huifanya vibaya kisha husema haifai. Kaa, miguu chini, mkono mmoja tumboni. Vuta kwa pua ukihesabu 4, toa taratibu ukihesabu 6. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika. Fanya dakika tano, mara mbili kwa siku, na mara moja zaidi kabla ya kufungua meseji unayoiogopa. Kutoa kurefu kuliko kuvuta ndiko hupunguza mapigo ya moyo. Kosa la kawaida ni kuvuta pumzi kubwa kupita kiasi: kaboni dioksidi hupungua damuni, kichwa huwa chepesi na vidole hufa ganzi. Ikitokea hivyo, vuta kidogo zaidi, mwendo uwe uleule.

Mabega: yapandishe hadi masikioni, kaza sekunde 5, yaachie ghafla, pumzika sekunde 15. Mara tatu. Taya vivyo hivyo, lakini kaza kidogo tu, usisage meno. Na tazama kompyuta yako. Laputopu mezani hukuinamisha shingo kutwa. Iinue kwa rimu za karatasi mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, kisha utumie kibodi ya pembeni. Bila kibodi hiyo mikono itaning'inia na mabega yatakaza upya.

Fundi_Ratiba:
Mie naona mzizi ni meseji. Mwandikie bosi: "Ili nisichelewe tarehe 9 na 20, nitajibu meseji saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni. La dharura nipigie." Mkubaliane dharura ni nini: malipo yamekwama mgeni akiwa kaunta, au mshahara haukuingia. Bei ya nyanya si dharura. Mpango huu huvunjwa na yule aliyeuweka: ukijibu meseji moja tu ya saa tatu usiku, umewafundisha watu kuwa mlango u wazi.

Tarehe nazo zirudishe nyuma. PAYE uimalize tarehe 5, VAT tarehe 15. Ankara za eTIMS (mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi) zidai kwa wauzaji wiki ya kwanza, usingoje tarehe 19. Kabla ya kufunga ofisi, tumia dakika kumi kuandika yaliyobaki na hatua ya kwanza ya kila moja. Ukiandika "VAT" tu, usiku utaiwaza. Andika "kulinganisha risiti za jikoni na stetimenti ya benki, kuanzia tarehe 3".

Mhasibu_MLD:
Ahsanteni sana. Je, bosi akikataa? Na saa tisa usiku nifanyeje?

Fundi_Ratiba:
Mpelekee karatasi: wiki mbili za kazi zako, saa kwa saa. Malalamiko hubishiwa kwa urahisi, orodha ni vigumu. Na Sheria ya Ajira ya 2007 yakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku 21 za kazi za likizo kwa kila miezi 12. Omba likizo mapema, msimu wa wageni ukiwa umepungua.

Nesi_Shela:
Saa tisa usiku, usitazame saa wala simu. Ukiona usingizi hauji kwa kama dakika 20, toka kitandani, kaa penye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Asubuhi amka wakati uleule hata kama hukulala vizuri. Usingizi wa mchana dakika 20 zatosha, na uwe kabla ya saa tisa alasiri.

Jioni tembea nusu saa, siku tano kwa wiki. Ufuoni kwenu maji yakipwa mchanga huwa mgumu na rahisi kutembea. Kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku, basi usijifunge na saa moja ile ile.

Pia pima presha. Usinywe kahawa nusu saa kabla, kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Ikirudia 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, nenda kwa daktari. Huzuni au wasiwasi ukipita wiki mbili, nenda pia. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba ya bure ya ushauri nasaha, 1199. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi au kupanda tayani, usiyahesabu kuwa msongo: hospitali saa hiyohiyo.

Wa_Mkomani:
Na yote usiyaanze kwa pamoja. Wiki hii vikombe vya usiku na barua ya bosi. Pumzi na rimu za karatasi wiki ijayo.