Mtafiti wa saikolojia ana haki ya kukudanganya?

Mleta mada: Wadau, kanuni inasema mshiriki wa utafiti aridhie baada ya kuelezwa anachoingia. Sasa ridhaa iliyopatikana kwa uongo ni ridhaa gani?

Mchukueni mwanasaikolojia Stanley Milgram, Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, 1961. Alitangaza gazetini kwamba anatafuta watu wa utafiti wa kumbukumbu, malipo dola 4 na senti 50 za nauli. Walipofika wakaambiwa wampige shoti mwenzao wa chumba cha pili kila akikosea jibu, kuanzia volti 15 hadi 450. Shoti hazikuwepo, na huyo aliyegonga ukuta kana kwamba anaumia alikuwa mtu wa Milgram mwenyewe. Washiriki hawakujua, wala hawakujua kwamba kinachopimwa ni utii wao. Walitoka jasho, wakatetemeka, na bado 26 kati ya 40 walifika mwisho. Mwanasaikolojia mwenzake Diana Baumrind alimkosoa waziwazi mwaka 1964, nami nipo upande wake.

Mdau wa takwimu: Mkuu, ukimwambia mtu unapima utii wake atajifanya shujaa, utakuwa umepima nini? Madaktari wa akili walipoulizwa bila kujua matokeo, walikadiria kama mtu 1 kati ya 1000 ndiye angefika mwisho. Kuuliza tu kungetuacha gizani. Halafu baadaye, 84% ya waliojibu dodoso walisema wamefurahi kushiriki.

Mleta mada: Na dodoso hilo lilitoka kwa nani? Kwa yule yule aliyewadanganya! Mtu aliyejigundua kuwa alifika volti 450 ana kila sababu ya kujipa moyo kwamba ilikuwa kwa ajili ya sayansi.

Msomaji kimya (leo nimeshindwa kunyamaza): Mnabishania uongo, mnasahau mlango wa kutokea. Mshiriki akisita aliambiwa aendelee, na akizidi kusita, kwamba hana hiari ila kuendelea. Hapo ndipo kosa lilipo. Mwanasaikolojia Jerry Burger alirudia jaribio, akalichapisha 2009: aliwachuja wenye hatari ya kuumia kisaikolojia, akawaambia zaidi ya mara moja kwamba wanaweza kuondoka na pesa zao, akasimamisha kila mtu volti 150. Uongo ulibaki, mateso yakapungua. Na 70% walikuwa tayari kuendelea.

Mdau wa takwimu: Tayari kuendelea hadi wapi? Swali la Milgram lilikuwa nani atafika 450. Kuanzia 150 kwenda juu, Burger anakadiria tu. Usalama huo umelipiwa kwa jibu lenyewe.

Msomaji kimya: Sawa, nakubali bei hiyo. Wewe ungemweka mama yako kwenye kiti kile apate jibu kamili?